Siku Mume Wangu Alipopimwa Sokoni

Hospitalini walisema akili ya mume wangu ni nzima. Walimuuliza ni siku gani, ni mwezi gani, tuko wilaya gani. Wakampa maneno ya kukumbuka, wakazungumza naye mambo mengine, kisha wakamtaka ayataje tena, akayataja yote. Wakamwambia ahesabu kutoka mia kurudi nyuma, akitoa saba kila mara, na alihesabu haraka kuliko mimi niliyekuwa nikimfuata kimoyomoyo. Wakampa karatasi achore saa. Alichora duara safi kwa mkono mtupu, maana alikuwa fundi mbao na mkono wake ulijua mistari. Alipomaliza alimtazama muuguzi aliyekuwa akimpima, akamwambia kwamba amenenepa vibaya na kwamba bila shaka mume wake ameshatafuta mwingine.

Muuguzi alishusha macho akaendelea kuandika. Mlangoni aliniambia kwa upole, "Papa eko bien. Mushukuru Mungu, Maman."

Nilishukuru. Lakini njia nzima kutoka hospitali ya Gihundwe nilikuwa naogopa kufika nyumbani na jibu hilo.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe wangu. Aliwalea watoto wake ng'ambo ya mpaka, Bukavu, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, na tangu mwanawe alipoumia alihamia kwetu Kamembe kumwangalia. Nilipomwambia kwamba hospitali imeona hakuna tatizo, aliweka chini sinia la mchele aliokuwa akichambua.

"Sikukwambia?" alisema. "Mwanangu eko muzima. Shida ya hii nyumba haiko kichwani mwake."

Nililichukua sinia nikaendelea kuchambua. Yeye alikuwa na neno la hospitali upande wake.

Mume wangu alikuwa ameanguka. Walikuwa wakipaua nyumba ya watu kule Gihundwe, mbao zimelowa mvua, akateleza kutoka juu ya kenchi za paa na paji la uso likagonga ukingo wa msingi. Alilala siku nyingi bila kututambua. Alipofumbua macho na kuniita, nililia hadi wagonjwa wengine wakanionea haya. Baadaye akatembea, akala, akasoma Kurani yake kwa sauti ileile. Majirani walikuja na sukari na mchele kutupongeza. Kovu lilibaki dogo tu, chini ya mstari wa nywele, na akivaa kofia yake ya kwenda msikitini hata halikuonekana.

Mtu niliyeolewa naye alikuwa mkimya. Alikuwa na atelye, karakana ya mbao, nyuma ya soko la Kamembe, yeye na rafiki yake mmoja waliyejifunza naye kazi tangu ujana. Alikuwa akipima ubao, anaupima tena, kisha anakaa kidogo akiutazama kabla ya kushika msumeno. Watu walimcheka kwa ajili ya hiyo. Mteja akimkosea, alikuwa akisafisha randa yake mpaka hasira ipite. Watoto wakigombana alikuwa akiwaita mmoja mmoja uani, akazungumza nao huko, na sikujua hata siku moja aliwaambia nini.

Aliyerudi kutoka hospitali alikuwa akisema kila kilichomjia kinywani. Kwenye matanga ya jirani yetu alicheka, kwa sababu mzee mmoja alijikwaa kwenye mkeka. Akamwambia mjane, mbele ya watu, kwamba sasa atapumzika. Nilimshika mkono nikamtoa nje. Hakunikatalia. Alisimama pale barabarani akinitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa aende wapi.

"Kwa nini ulisema vile?" nilimuuliza.

"Si ni kweli?"

"Umemuumiza."

"Hapana," alisema. "Hakulia."

Kazini ilikuwa hivyohivyo. Alikuwa bado anajua kukata, kupiga randa, kutoboa na kuunganisha, na kila kitu alichokishika kilitoka sawa. Lakini kabati halikutoka. Alikata mbao za mlango kabla ya kujua kabati litakuwa na kimo gani. Alipaka vanishi mbao ambazo hazijapigwa msasa, akaziacha, akaanza kitanda cha mtu mwingine, akakiacha nacho, akatoka kwenda kutazama watu wakicheza dame kwa vifuniko vya chupa. Rafiki yake alivumilia. Wateja hawakuvumilia. Mimi nilikuwa nikishona nguo, na cherehani ndiyo iliyobaki kutulisha.

Binti yetu mkubwa aliacha kuleta wenzake nyumbani baada ya baba yake kuwaambia maneno juu ya vifua vyao. Alikuja kuniambia huku amesimama, hataki kukaa.

"Maman, huyu si papa," alisema.

"Ni yeye. Ameumia."

"Bibi anasema hakuumia kitu."

Ndivyo tulivyoishi. Mama mkwe hakuwa mwongo. Mwanawe alipokuwa naye peke yake, amekaa, anakula, hakuna anayemtaka afanye chochote, alikuwa mtu wa kawaida. Walizungumza habari za Bukavu na alikumbuka majina ya majirani wa utotoni. Bibi huyo alikuwa akimwona mwanawe, na mimi nilikuwa nikiwaona watu wawili, na hakuna aliyeweza kumthibitishia mwenzake.

Msimu wa mvua ulipokwisha alikuja dada mmoja kutoka chuo kikuu. Alikuwa akitafuta watu waliowahi kuumia kichwa, ili ajue wanaishije baada ya kutoka hospitali. Sisi tulimwita daktari, na kila mara alitusahihisha kwamba yeye si wa dawa, yeye anasoma ubongo na mwenendo wa watu. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kwa hiyo mama mkwe alimpenda, akawa na yeye anamsahihisha maneno. Alikaa sebuleni kwetu akatueleza kwa utaratibu atakachofanya. Alisema kichwa cha mtu aliye hai huwezi kukifungua uangalie, basi inabidi kukizunguka. Kuna picha za mashine, na kuna kofia yenye nyaya inayosikiliza umeme wa ubongo. Mtu anaweza kupewa maswali na kazi za mezani. Watu wanaoishi naye nao wanaulizwa, kila mmoja peke yake. Halafu kuna kumtazama mtu akiishi. Alisema njia moja ikikudanganya, nyingine inaweza kukutoa kwenye kosa.

"Na dawa?" aliuliza mama mkwe.

"Sina dawa, Maman. Sitaki kukudanganya. Nitakachoweza ni kuwaambia nimeona nini."

Mume wangu alikubali mara moja, kama alivyokuwa akikubali kila kitu siku hizo. Yule dada hakutosheka. Alimweleza upya, akamtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe amekubali nini, akamwambia anaweza kuacha siku yoyote. Kisha akatuuliza na sisi.

Alinihoji mimi chumbani, mlango umefungwa. Maswali yalikuwa juu ya mume wangu: je, anaanza jambo na kulimaliza, je, anajua mtu akihuzunika, je, anakasirika ghafla, kabla ya kuanguka alikuwaje na sasa yukoje. Nilijibu mpaka koo likakauka. Hakunihurumia kwa maneno, hakutikisa kichwa, aliandika tu, na sijui kwa nini jambo hilo lilinituliza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza alikuwaje kabla. Baadaye alimuuliza mume wangu maswali yaleyale juu yake mwenyewe. Niliyasikia majibu kupitia dirishani nikianua nguo. Alikuwa sawa. Alikuwa kama zamani. Kazi inakwenda. Na mke je? Mke amekuwa mtu wa kunung'unika. Mama mkwe naye alihojiwa, akasema aliyokuwa akisema siku zote.

Nilidhani nimeshindwa, wawili dhidi ya mmoja. Yule dada aliniambia hahesabu kura.

Alirudia pia vipimo vya mezani, na mume wangu akafanya vizuri tena. Kisha akaomba kitu kilichotushangaza. Alitaka kumpima pia rafiki yake wa atelye, kwa kuwa walikuwa na umri unaokaribiana, shule ileile, kazi ileile. Alisema asipofanya hivyo hatajua lipi limeletwa na kuanguka na lipi ni hali ya mafundi wa umri wao. Rafiki alikuja amevaa shati la Ijumaa. Mezani walilingana, na kwenye hesabu mume wangu alimzidi.

"Nimemshinda," mume wangu alisema, akimpiga bega. Rafiki yake alicheka, lakini nilimwona akiniangalia.

Jaribio la sokoni lilikuja baada ya hapo. Yule dada alisema mezani kuna mtu anayekuongoza: anakupa kazi moja, anakaa mbele yako, anakwambia anza, anakwambia basi. Maisha hayana mtu huyo. Alitaka kuona mume wangu akiwa hana wa kumwongoza. Alimpa kipande cha karatasi chenye kazi chache. Anunue sambaza kidogo, wale dagaa wa ziwani, sabuni ya kufulia, na uzi mweupe. Aulize basi la asubuhi la kwenda Kigali linaondoka saa ngapi. Akimaliza aje lango la msikiti. Asiingie duka moja mara mbili, asinunue kitu kingine, asitoke eneo la soko. Rafiki yake alikuwa amezifanya siku iliyotangulia, akarudi mapema na kifuko chake, hajui hata afurahi au afanye nini.

Mama mkwe alisema na yeye atakuja. "Nikaone hicho kitu munataka kumuonyesha mwanangu."

Ilikuwa asubuhi yenye jua, soko limejaa. Yule dada alimtaka mume wangu asome karatasi, kisha arudie masharti bila kuitazama. Aliyarudia yote, kwa utaratibu. Mama mkwe alinitupia jicho. Mume wangu akaingia sokoni, na yule dada akamfuata kwa mbali na karatasi zake. Sisi wawili tulitembea nyuma zaidi. Tulikuwa tumeambiwa tusimwite, tusimwonyeshe kitu, isipokuwa akiwa hatarini.

Alianza vizuri. Alinunua sabuni. Kisha akarudi katika duka lilelile, akanunua sabuni nyingine ya aina hiyohiyo, akatoka akiwa ameshika zote mbili. Akasimama kwa muuza viatu, akajaribu kiatu, akakiacha, akajaribu kingine. Kwa wachezaji wa dame alikaa kabisa. Niliona karatasi ikitoka mfukoni mwake, akaitazama, akaikunja vizuri, akairudisha, akaendelea kutazama mchezo. Mama mkwe alianza kuvuta pumzi kwa nguvu.

"Anapumzika," alisema.

Wanaume wawili wakapita na mbao mabegani. Mume wangu aliinuka akawafuata. Aliwapita wauza sambaza, mabeseni yamepangwa mstari mzima, harufu imejaa, na alipita katikati yao. Akatoka sokoni. Yule dada alitugeukia, nikaona na yeye hakutegemea hilo, akatuonyesha kwa mkono tuje. Wenye mbao waliingia kwenye ua fulani, mume wangu hakuingia, aliendelea tu na barabara kwa kuwa barabara ilikuwa mbele yake. Akashika mteremko wa kwenda mpakani. Tulimfuata jua likiwa utosini, mama mkwe amevua ndala anatembea peku ili asiachwe, na mimi nimembebea mkoba.

Tulimkuta Rusizi ya Kwanza, pale watu wanapopanga foleni kuvuka kwenda Bukavu. Wabebaji walikuwa wakipita na magunia na yeye alikuwa amesimama katikati ya njia yao, wanamsukuma, wanamtukana, anawatazama. Mkononi alikuwa bado na sabuni zake mbili. Yule dada alimkaribia taratibu akamwamkia.

"Papa, uko wapi?"

"Mpakani."

"Unakumbuka kazi niliyokupa?"

Alimtajia zote. Sambaza kidogo, uzi mweupe, saa ya basi, lango la msikiti. Alitaja hata masharti. "Na nisitoke sokoni," alimaliza.

"Mbona umetoka?"

Hapo nilimwona akifikiri. Alitazama sabuni, akatazama daraja, akatutazama sisi watatu. Uso wake ulikuwa uleule wa zamani, wa kutazama ubao kabla ya kuukata, na moyo wangu ukanidanganya kwamba sasa atarudi.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nakwenda kufanya."

Mama mkwe alikaa chini palepale, juu ya jiwe la ukingo wa barabara. Mbebaji mmoja alimwambia, "Maman, utakanyagwa," na hakuinuka. Nilimvalisha ndala zake. Miguu ilikuwa imechanika. Mume wangu alikuwa akimwona, yuko hatua moja kutoka kwake, akamwambia kwamba amechafua vitenge vyake.

Picha ya kichwa tuliipata baadaye, kwa mashine ya Kigali, kwa msaada wa chuo. Yule dada aliiweka juu ya meza yetu mchana, akaondoa vikombe. Nyuma ya paji la uso palikuwa na doa jeusi kila upande, na mahali pengine pote palikuwa rangi ya majivu. Alituambia sehemu hiyo ndiyo inayopanga lipi lianze na lipi lifuate, inayomzuia mtu asiseme kila kitu, inayomfanya ahisi kwamba amemkosea mwenzake. Kumbukumbu na hesabu na mikono zimebaki, ndiyo maana hospitalini hawakuona. Akasema pia kwamba picha peke yake isingemwambia mengi. Kuna watu wenye doa wanaoishi vizuri. Aliamini hivyo kwa sababu picha, na soko, na niliyoyasema mimi, vyote vilielekea upande mmoja.

Mama mkwe aligusa doa kwa kidole.

"Hapa patajaa?"

"Hapana, Maman. Hapatajaa."

Aliinuka akaenda jikoni. Hakuniomba radhi wakati huo wala baadaye, na mimi sikuhitaji. Ila tangu siku hiyo aliacha kula kabla mwanawe hajapewa, akaanza kukaa naye mchana kutwa. Mimi nilijua kitu kile kimemwingia, maana kilikuwa kimeniingia mimi kabla yake: kwamba tunamuuguza mtu na wakati huohuo tumeshafiwa naye, na hakuna matanga tunayoweza kuweka.

Kabla ya kuondoka, yule dada alitufundisha mambo machache. Tumpe kazi moja tu, tusimame karibu, ikiisha tumpe nyingine. Tusimtume mbali. Watoto waambiwe kwamba ubongo wake umeumia, wasifikiri amewachukia. Yalisaidia. Rafiki yake alimchukua atelye kupiga msasa, ubao baada ya ubao, na akiwa na mtu wa kumkabidhi ubao unaofuata aliweza kufanya kazi mpaka adhana ya alasiri. Binti yangu alisikiliza maelezo yote, akauliza, "Kwa hiyo hatakuja kuomba msamaha?" Nilimwambia ukweli.

Siku moja rafiki yake alikwenda mazishini, na mume wangu akatoka atelye peke yake. Katika soko hilohilo alichukua embe kwenye meza ya mwanamke mmoja, akaliuma, akamwambia jambo juu ya mwili wake, akaondoka. Watu wakapiga kelele za mwizi. Waliompiga walikuwa vijana ambao hawamjui. Wanaomjua walichelewa kufika, na mimi nilichelewa zaidi. Nilimkuta ukutani, meno ya mbele hayapo, jicho limefunga. Nilipiga magoti nikaanza kumpangusa kwa mtandio wangu.

"Wamenipiga sana," aliniambia, kama anayenipa habari za mtu mwingine. Kisha akaniuliza kama nyumbani kuna chakula.

Yule mwanamke wa maembe alikuwa amesimama pembeni. Alisema, "Sikujua, dada. Angekuwa na alama yoyote ningejua." Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa simjui, ningepiga kelele.

Baada ya hapo hatukuweza kumweka mjini. Shemeji yangu analima Rwimbogo, mbali na maduka, na alikubali kumchukua. Mama mkwe alikwenda naye. Siku ya kuondoka mume wangu alipanda nyuma ya taksi moto, pikipiki ya abiria, bila kuuliza anakwenda kukaa muda gani, na watoto walipompungia mkono alikuwa anatazama tairi la mbele.

Ninakwenda kuwaona ninapoweza kuacha cherehani. Safari iliyopita niliwakuta shambani wanapalilia maharage. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigogo mwisho wa mstari, na kila mume wangu alipoufikia, alimwonyesha kwa kidole mstari unaofuata, naye anageuka. Mistari ilikuwa imenyooka sana, hakuna mche hata mmoja uliokatwa. Nilisimama nikamtazama afike mwisho. Aliniona, akanisalimia vizuri, akaniuliza watoto wanaendeleaje. Nikaanza kumweleza kwamba mkubwa amefaulu mtihani. Mama yake alikuwa ameinua kidole. Mume wangu aligeuka, akashika jembe, akaingia katika mstari mwingine, na mimi nikamalizia habari ile kwa mama mkwe, ambaye alisema Mungu amubariki mutoto, akasogea pembeni kwenye kigogo ili nipate pa kukaa.